Watu Kumi na Watano na Fahali Mmoja

Baba yangu alikuwa mtu wa mafahali. Naanza na hilo kwa sababu asiyelijua hataelewa kwa nini watu wazima, wenye akili zao, walijaribu kumpitisha ng'ombe nyuma ya msitu mwaka wa korona, askari wakiwa kila mahali.

Kwetu, upande wa Shinyalu, kuna wazee wanaofuga fahali wa kupigana. Si wa kulima, si wa nyama. Huyo ni wa kupelekwa uwanjani asubuhi, akutane na fahali wa kijiji kingine, na watu wapige kelele mpaka wapoteze sauti. Baba alimlisha wake kabla ya kula yeye mwenyewe. Alimpa jina la mwanasiasa mmoja aliyemkasirisha, ili apate kumtukana kila siku bila kushtakiwa. Mama alikuwa akisema, kama huyu mzee angenisugua mgongo mara moja tu kwa mwezi jinsi anavyomsugua huyo ng'ombe wake, ningekuwa mwanamke mnene.

Mtu wa namna hiyo akifa hazikwi kimya. Fahali wake huletwa nyumbani kwa ngoma za isukuti, akazungushwa boma, kisha akafikishwa penye kaburi auchimbe ule udongo kwa pembe. Anayemtangulia njiani ni mzee aliyetahiriwa pamoja na marehemu. Anayeshika kamba ni mtoto wa kiume wa marehemu. Haya yasipofanyika, wazee wa kwetu husema mtu huyo hakuzikwa, amefukiwa tu.

Baba aliumwa sukari kwa miaka mingi, ikamshika mguu. Alipoona hawezi tena kumtunza fahali, alimpeleka kwa binamu yake ng'ambo ya msitu. Kisha ugonjwa wa korona ukaja, uwanja ukafungwa, na baba akawa anakaa kwenye benchi nje ya nyumba, mguu juu ya kigoda, akisikiliza redio ikitaja idadi ya wagonjwa. Siku moja alituita mama, ndugu yangu na mimi.

"Nimesikia siku hizi watu wanazikwa kama paka," alisema. "Mimi sina neno na watu. Hata wasipokuja. Lakini ng'ombe aje."

Ndugu yangu, ambaye ni mtoto wake wa pekee wa kiume, alimwambia, "Atakuja, baba. Nitamleta mimi."

"Sijakuuliza kama utaweza. Nimesema aje."

Hilo ndilo lilikuwa ombi lake lote. Hakutaja shamba wala kitu kingine.

Mtu wa nne aliyesikia ombi hilo alikuwa liguru. Liguru kwetu ni mzee wa kijiji anayefanya kazi chini ya chifu. Ndiye anajua nani amezaa, nani amehama, nani anapika pombe. Liguru wetu na baba walitahiriwa asubuhi moja, kwa kisu kimoja, wakalala kibanda kimoja mpaka wakapona. Tangu utoto nilimwita baba, na yeye aliniita mukhana, yaani binti. Mume wangu alipokufa nikarudi nyumbani na watoto wangu, baadhi ya wajomba na baba wadogo walinung'unika kwamba msichana aliyeolewa harudi kukaa kwenye shamba la ndugu yake. Liguru alisimama katika kikao akasema, "Huyu amerudi kwao. Anayetaka kumfukuza aanze na mimi." Nikapewa nyumba ya nyuma, na niko ndani yake mpaka leo. Kwa hiyo ninapoandika habari zake, siandiki habari za mtu mbaya niliyemjua siku moja. Naandika habari za mtu aliyenitetea.

Baba alifia hospitalini. Karatasi ilisema sukari. Hata hivyo siku zile karatasi haikumridhisha mtu. Nilipotoka kwenye lango la mochari na viatu vyake mkononi, mwanamke tuliyesali naye kanisa moja alivuka barabara asikutane nami. Sikumlaumu. Kila mtu aliogopa.

Tuliogopa ugonjwa, na tuliwaogopa askari zaidi. Ugonjwa hatukuuona kwa macho, lakini fimbo tuliziona. Fundi wa baiskeli wa pale sokoni alipigwa mpaka akavunjika kidole kwa kuchelewa kufunga kibanda, na jua lilikuwa bado halijatua. Wakati huohuo wezi wa ng'ombe walikuwa na raha, kwa sababu saa za kafyu hakuna mtu aliyethubutu kutoka kuangalia zizi. Jirani yetu aliibiwa ng'ombe wawili. Alipopiga simu kituoni aliambiwa gari halina mafuta, afuate nyayo mwenyewe, lakini asikutwe nje. Alituhadithia akicheka. Kilikuwa kile kicheko cha mtu ambaye hana la kufanya.

Barua ya chifu ilisema mazishi yafanyike asubuhi, watu wasizidi kumi na watano, pasiwe na ngoma, pasiwe na chakula. Liguru alikuja nayo mwenyewe. Aliketi kwenye kiti cha baba, akavua barakoa, akanywa chai, akafungua daftari la kuandika majina. Tulikuwa sisi, na shangazi, dada yake baba, mwanamke wa miaka themanini hivi ambaye hajawahi kuogopa mtu.

"Mimi ni wa ngapi hapo?" shangazi aliuliza.

Liguru alihesabu kwa kalamu. "Wewe, mama, unaangukia kumi na sita."

"Kumi na sita!" Shangazi alipiga paja. "Huyo marehemu nilimbeba mgongoni akinikojolea, leo niwe wa kumi na sita? Toa pasta. Aombee akiwa barabarani. Mungu anasikianga hata mtu akiwa mbali."

"Pasta hatolewi, mama."

"Basi toa mmoja wa kubeba jeneza. Marehemu amekonda, watano wanatosha."

Hata mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuletewe habari ya kifo. Liguru naye alicheka mpaka akakohoa, na shangazi akamwambia akohoe akielekea nje. Mwishowe alifuta jina lake mwenyewe akaandika la shangazi. "Mimi sihesabiwi," alisema. "Mimi nitakuwa kazini. Serikali haihesabiwi kwa matanga."

Nilimpenda kwa kufanya hivyo. Naandika ili nisisahau kwamba nilimpenda.

Shangazi alipokwenda, ndugu yangu alifunga mlango, akauliza lile ambalo sote tulikuwa tunalizunguka. "Na ng'ombe, baba?"

Liguru aligonga ile barua kwa kidole. "Hii imesema watu. Ng'ombe si mtu. Ng'ombe haivai barakoa."

"Na ngoma?"

"Mbili tu. Na msipige mpaka mfike kwenye majani chai. Sikiliza. Usipite barabara kubwa. Zunguka nyuma ya msitu, ushuke kwa kijito, upandie kwa majani chai, utokee hapa nyuma ya nyumba ya mukhana. Saa mbili nitakuwa pale kwa kijito nikiwangoja. Nitatangulia mbele kama inavyotakikana."

"Na afande wakija?"

"Afande wakija watanikuta mimi. Huyu ni mwenzangu wa kisu. Nani atanikataza kumzika?"

Watu wa mahali pengine wangemficha liguru jambo kama hilo. Wangekumbuka kwamba mtu huyu asubuhi huripoti kwa chifu. Sisi tungemfichaje? Hakuna namna ya kumleta fahali bila mzee wa kumtangulia, na mzee wa kumtangulia alikuwa yeye. Wengine waliotahiriwa nao walikuwa wamekufa. Kumweleza njia haikuwa siri tuliyotoa ovyo. Ilikuwa sehemu ya mazishi yenyewe. Tuliojua njia ile siku ile tulikuwa wanne ndani ya chumba, na mmoja alikuwa ndiye aliyeichagua.

Asubuhi ya mazishi kulikuwa na ukungu, kisha ukaondoka. Tulipanga mabenchi yakiwa mbali mbali, mtu mmoja kila upande. Jeneza liliwekwa chini ya mkuyu mdogo wa mbele, kaburi likiwa limekwisha kuchimbwa karibu na ua. Mama alikaa kwenye mkeka kando ya jeneza, na kwa kuwa wanawake wengine hawakuruhusiwa kumkaribia, alikaa peke yake. Sijawahi kuona mjane wa kwetu akikaa peke yake kando ya mumewe. Daima kuna mikono ya watu. Shangazi alitaka kusogea, pasta akamwashiria abaki alipo. Akabaki, akawa anaongea na mama kwa sauti kubwa kutoka upande wa pili wa boma kana kwamba wako kwenye mashamba mawili.

Saa mbili ilipita. Nilikuwa nimegeuza sikio kuelekea majani chai. Nilisikia ngoma. Nakumbuka vizuri, kwa sababu mama naye aliinua kichwa. Zilikuwa mbili, zikipigwa kwa upole kama tulivyoelezwa. Pengine zililia kwa muda wa mtu kutembea kutoka jikoni hadi kisimani. Kisha zikakatika. Tukasikia mlio mmoja mkubwa, na kelele za watu, na mlio mwingine, na moshi mweupe ukapanda juu ya majani chai ukafika kwetu ukiwa mwepesi, lakini ulitosha kutuwasha macho.

Fahali alitokea peke yake. Kamba ilikuwa ikiburutwa chini, povu mdomoni, macho yakimtoka machozi kama mtu. Hakuwa na mtu mbele wala nyuma. Alipita katikati ya boma, akaangusha benchi moja, wabeba jeneza wakakimbilia nyuma ya nyumba. Shangazi alisimama akamwita kwa lile jina la mwanasiasa, mara mbili. Fahali hakumsikia. Alipita kaburi hatua kama kumi hivi, hata hakugeuza kichwa, akaingia kwenye mahindi ya jirani. Tulisikia mahindi yakivunjika mpaka mbali.

Kisha askari wakaja kwa njia ileile ya majani chai. Walikuwa sita. Ndugu yangu alikuwa kati yao, pingu mkononi, sikio moja linavuja damu. Wapiga ngoma walikuwa wamekimbia. Na nyuma ya askari, mikono nyuma, kofia yake kichwani, alikuja liguru.

Nilipomwona nilishukuru. Huo ndio ukweli, nilishukuru. Nilidhani amewafuata ili atuokoe.

Mkubwa wao alikuwa sajini, kijana kwa sura. Barakoa yake ilikuwa imeshuka chini ya kidevu. Aliuliza, "Nani mwenye hii matanga?"

Nilisimama. "Ni ya baba yetu, afande."

"Huyu hapa," akamvuta ndugu yangu mbele, "anasema yeye ni mtu wa ng'ombe. Alikuwa anapeleka hiyo ng'ombe mnadani Lubao, ikamtoroka. Hamjui mtu hapa. Ngoma hazijui. Wewe unamjua?"

Ndugu yangu aliniangalia. Macho yake yalisema kila kitu. Kama ningesema simjui, au ningesema huyu ni mchuuzi tu, pengine wangemtandika mara mbili na kumwachilia aende kutafuta ng'ombe wake. Akishazunguka, angerudi kwa upande mwingine kumzika baba. Nafikiri hivyo. Sina hakika.

Lakini mimi nilimwangalia liguru. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani, kwamba yuko mtu wa serikali hapa aliyetoa ruhusa, na kwamba ukweli ukisemwa wote, atausimamia, na tutamzika baba. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini tangu nilipokuwa msichana, watu wakigombania mpaka wa shamba walikuwa wakiniita niseme mkonge ulikuwa umepandwa wapi. Sikujua njia nyingine ya kuongea na mtu anayeuliza.

"Ni ndugu yangu," nilisema. "Ndiye mtoto wa marehemu. Ng'ombe alikuwa analetwa kwa baba kwa sababu ni mila yetu. Hatukujificha, afande. Liguru ndiye aliyetuonyesha njia. Muulize."

Sajini aligeuka. "Mzee, ni kweli?"

Liguru alitazama kofia ya sajini, si mimi. "Hawa niliwakataza," alisema. "Niliwasomea barua. Walipokataa kusikia ndipo nikapiga simu."

"Wewe ndiye ulipiga?"

"Ndiyo, mimi."

Mama aliinua uso. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa Kiisukha, lugha yetu, swali ambalo kwa Kiswahili lingekuwa: uliyasema hayo yote ukiwa umekaa kwenye kiti chake? Sajini akataka kujua mama amesema nini, na hakuna mtu aliyemtafsiria.

Shangazi ndiye aliyepata sauti. "Nyinyi! Ng'ombe za watu zikiibwa gari halina mafuta. Leo mafuta mmetoa wapi? Mmekunywa maziwa mkajaza?"

"Nyamaza, kukhu," askari mmoja alimwambia, akitumia neno letu la nyanya. Alikuwa mtoto wa kwetu huyo.

"Usiniite kukhu na fimbo mkononi."

Ndugu yangu walimchukua. Sajini alisema alikuwa miongoni mwa watu bila barakoa, hivyo anapelekwa karantini siku kumi na nne, kwenye shule moja iliyokuwa imefungwa. Nikamwomba amwache kwa nusu saa tu, atupe udongo wa kwanza, kisha wamchukue. Nilipiga magoti. Sajini alisema, na nadhani hakusema kwa ukali, "Mama, ungekuwa umesema humjui, ningekuwa nimemwacha. Sasa umenieleza mwenyewe. Nifanyeje?"

Ndugu yangu alisikia maneno hayo. Kila mtu aliyasikia. Alipokuwa anapita karibu yangu alisema jambo moja tu: "Dada, kwa nini?"

Tuliambiwa tuzike kabla ya saa nne na askari wawili wakabaki kuhesabu vichwa. Pasta alisoma kidogo. Jeneza likashushwa. Ndipo wote tukasimama tukatazamana, kwa sababu kwetu hakuna anayetupa udongo kabla ya mtoto wa kiume, na mtoto wa kiume alikuwa kwenye gari la polisi.

Liguru alikuwa bado yupo. Alisogea mbele, akavua kofia, akaokota jembe. "Mwenzangu wa kisu," alisema, akiongea na kaburi. "Nitakutupia mimi."

"Weka chini," mama alisema.

"Shemeji..."

"Weka chini hilo jembe."

Akaliweka. Mama akanigeukia mimi. "Tupa wewe."

Mimi ni mwanamke, tena niliyeolewa nikarudi. Sijui kama kuna mwanamke wa ukoo wetu aliyewahi kufanya hivyo. Niliinama nikashika udongo kwa mkono, nikatupa. Ulikuwa na unyevu, haukutoa sauti niliyoitarajia. Kisha wengine wakafuata haraka, kwa kuwa askari mmoja alikuwa anaangalia saa.

Fahali alipatikana mchana, amelala kando ya kijito, jicho moja limevimba. Binamu yake baba alimrudisha kwake.

Nilimpelekea ndugu yangu chakula kwenye ile shule kila siku ya pili. Tulikabidhi vyombo langoni, mlinzi akapeleka ndani. Nilimpikia obusuma, yaani ugali, na kuku, na nilimwandikia vipande vya karatasi: mama hajambo, mahindi tumepalilia. Vyombo vilirudi vimeoshwa, bila karatasi. Aliporudi alikuwa amekonda na sikio limepona vibaya, hata sasa upande ule hasikii sawasawa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi, akakaa pale, akaingia kwake. Kwa miezi mingi aliniongelesha mambo ya lazima tu. Siku moja tukipanda maharagwe, alisema bila kuinua kichwa, "Ungesema tu ni mtu wa Lubao."

"Nilidhani atatusimamia."

"Nani hakudhani?" alisema. "Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumwona pale juu ya kijito, tulipoingia tu kwenye majani chai, dada. Alikuwa amesimama nao. Alinionyesha kwa kidole."

Mimi sikuwa najua hilo. Alikuwa amedanganya kwa sababu alijua, nami nilisema ukweli kwa sababu sikujua. Tuliendelea kupanda mpaka mwisho wa mstari.

Sababu ya liguru niliisikia baadaye kutoka kwa mkewe, kisimani. Chifu alikuwa amewaita wazee wote wa vijiji, akasema kijiji kitakachopatikana na matanga ya ngoma, liguru wake ataondolewa, na barua zote za vijana wa kijiji hicho za kuomba kazi zitarudishwa. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anangoja barua ya kwenda kuandikishwa polisi. Mkewe alinieleza akiangalia ndoo. Alisema mumewe alikuja kwetu siku ile ya daftari akiwa na nia safi, na kwamba alibadilika alfajiri. Huenda. Nimelifikiria mara nyingi, na kwangu lingekuwa jepesi zaidi kama angekuja na nia mbaya tangu mwanzo. Mtoto hakuchukuliwa. Walisema meno yake yana kasoro.

Kilichonichoma si kwamba aliogopa. Sote tuliogopa. Kama angekuja alfajiri ile akasema, nimeshindwa, msimlete ng'ombe, tungelia, tungemzika baba bila fahali, na ndugu yangu angetupa udongo. Alikuwa na nafasi hiyo. Akachagua kwenda kijitoni.

Miaka ikapita, barakoa zikaisha, ngoma zikarudi. Kila nilipozisikia zikienda kwa mtu mwingine niliingia ndani ya nyumba. Uwanja wa mafahali ulifunguliwa. Fahali wa baba alikuwa amezeeka, binamu akamuuza.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna, liguru alikuja. Si liguru tena, aliondolewa mwaka uleule kwa jambo jingine, lakini bado tunamwita hivyo. Ilikuwa mchana, jua kali. Alikuja akimvuta fahali mkubwa mweusi wa kuazima, na vijana wawili wenye isukuti wakaja nyuma yake. Hakutuma habari. Alisimama nje ya lango, akafuta jasho.

Ndugu yangu alikuwa anapukuchua mahindi. Alimwona, akaendelea kupukuchua. "Dada," alisema, "mgeni wako."

Nilikwenda langoni. Sikulifungua.

"Mukhana," liguru alisema. Sauti ilikuwa imepungua. "Nimemletea mwenzangu ng'ombe. Nimechelewa, najua. Lakini siku hizi hakuna wa kukataza. Azunguke mara moja tu, apige pembe, nirudi zangu. Yule alisema aje."

Nilimwangalia yule fahali. Alikuwa mzuri. Niseme ukweli, nilitaka aingie. Nilitaka niisikie ile ngoma imalizike. Nilimwona baba kwenye benchi, mguu juu ya kigoda. Kwa baba, pengine ingetosha. Pengine baba asingejali nani ameshika kamba, mradi ng'ombe amekuja. Lakini kamba ile ilikuwa ya mtu aliyekuwa ananipa mgongo, akipukuchua mahindi, na sikio lake baya limeelekea kwetu.

"Mrudishe," nilisema.

"Mukhana, mimi ni mzee. Nataka kulala."

"Mrudishe, baba."

Vijana wa ngoma walikuwa wanaangalia simu zao. Kisha mzee akauliza, "Nikifa mimi, mtakuja?"

Ningeweza kusema tutakuja, lingekuwa jambo la heshima. Ningeweza kusema hatutakuja, lingekuwa na utamu wake. "Sijui," nilimwambia, kwa kuwa sikujua.

Aliitikia kwa kichwa, akavuta kamba. Fahali alikataa kugeuka. Njia ya lango letu ni nyembamba, ina mifereji pande zote, na alikuwa amenusa ng'ombe wetu wa kike. Mzee alivuta, akateleza, akashika ua. Wale vijana walirudi nyuma, hawakuwa watu wa ng'ombe. Nilimsikia ndugu yangu akiweka chini hindi lake. Alikuja, akafungua lango kiasi cha kupita mtu mmoja, akashika pembe moja na kamba, akamsukuma fahali kwa bega mpaka akageuka. Alimfikisha barabarani, akampa mzee kamba mkononi, akarudi akafunga lango.

Aliketi tena kwenye mahindi yake. Mama aliuliza kutoka ndani ni nani.

"Amezeeka," ndugu yangu aliniambia.

Nikamwambia ndiyo, amezeeka. Nikavuta kigoda, nikachukua hindi nikapukuchua.